Yungiyungi katika Ardhioevu ya Usangu: Historia ya Ua la Majini na Mgawanyo wa Maji katika Mbeya na Iringa, 1899–2024

Utangulizi

Kamusi za Kiswahili hulimaliza yungiyungi kwa mstari mmoja: ua la mmea uotao majini. Fasili hiyo ni fupi, lakini imebeba jambo zito kwa mwanahistoria wa mazingira, yaani kwamba mmea huu hauna makao mengine. Mti uliokatwa bondeni unaweza kupandwa upya kwenye mteremko, na mnyama aliyefukuzwa katika mbuga moja anaweza kuhamia mbuga nyingine. Yungiyungi likinyimwa maji halina pa kuhamia. Kwa sababu hiyo historia yake katika mikoa ya Mbeya na Iringa ni historia ya maji yaliyotuama: nani aliyaacha yatuame, nani aliyageuzia njia, na kwa hesabu ipi.

Ifahamike mapema kwamba yungiyungi la buluu, ambalo wataalamu wa mimea huliita Nymphaea nouchali, si mmea adimu duniani. Linapatikana kuanzia bonde la Nile nchini Misri hadi Afrika Kusini, na limepandwa katika bustani za mabara mengi. Uadimu unaojadiliwa hapa ni uadimu wa mahali. Ua linaweza kuwa la kawaida barani na likawa adimu bondeni, na wakazi wa bonde hawafarijiki kwa kuambiwa kwamba lipo Okavango. Hoja ya makala haya ni kwamba uadimu wa yungiyungi katika Usangu umetengenezwa na historia. Kwa muda wa karne nzima maji ya bonde hilo yaliandikwa katika daftari la mpunga, daftari la umeme, daftari la mifugo na daftari la utalii. Maji yanayokaa tu, yasiyopelekwa popote, hayakuwa na daftari.

Bonde, kizingiti na ua

Usangu ni uwanda ulio kwenye kimo cha takribani mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Upande wa kusini umepakana na safu za Uporoto na Kipengere, na mvua inayonyesha huko hushuka kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu. Kutoka mashariki unaingia mto Ndembera, unaoanzia Mufindi mkoani Iringa. Mito hii ikifika uwandani hupoteza kasi, hupasuka vijito, na wakati wa masika hutandaza maji juu ya eneo kubwa la nyasi. Kiangazi kikiingia maji hujikusanya tena katika kiini cha matindiga ya kudumu, ambacho wenyeji hukiita Ihefu.

Maji hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Kizingiti hicho hufanya kazi kama ukingo wa beseni. Maji yakiwa juu yake, Ruaha Mkuu hutiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, upande wa Iringa, na kisha hadi bwawa la Mtera. Yakishuka chini ya kimo cha mwamba, hakuna kinachotoka, ijapokuwa ndani ya Ihefu maji bado yapo. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara katika maandishi ya kisiasa na ya kihabari. Kukauka kwa mto na kusinyaa kwa kinamasi ni matukio mawili yanayohusiana lakini hayalingani. Mtu anayesimama kwenye daraja ndani ya hifadhi akaona mchanga mtupu hajaona Ihefu. Ameona tu kwamba beseni limeshuka chini ya ukingo wake.

Yungiyungi huishi ndani ya beseni. Kiazi chake hulala topeni, na kutoka hapo majani hupanda kwa vikonyo virefu hadi juu ya maji, yakaelea. Vitundu vya kupumulia, ambavyo katika mimea mingi ya nchi kavu huwa upande wa chini wa jani, kwa yungiyungi viko upande wa juu, unaotazama hewa. Ua hufunguka asubuhi na kufumba alasiri kwa siku chache mfululizo. Siku ya kwanza katikati yake hujaa majimaji kidogo. Mdudu aliyetoka kwenye ua jingine huteleza humo, chavua aliyoibeba huoshwa na kulirutubisha ua, na mara nyingine mdudu mwenyewe hafi-hafiki tena nje. Siku zinazofuata ua hukauka katikati na kutoa chavua yake lenyewe. Likisharutubishwa huzama, tunda huiva ndani ya maji, na mbegu huelea kwa muda mfupi kabla ya kutua topeni mahali pengine.

Maelezo hayo yanahitajika kwa sababu yanaonyesha ni maji ya namna gani yanayohitajika. Yungiyungi si mmea dhaifu. Katika mabwawa ya msimu kiazi chake huweza kuvumilia kiangazi kikiwa kimelala katika tope lenye unyevu, kikachipua mvua zinaporudi. Kisichovumilika ni tope kukauka hadi kupasuka mwaka baada ya mwaka, au kulimwa, au kukanyagwa na kwato nyingi wakati maji yakiwa yamepungua. Vilevile maji yanayopanda ghafla huyafunika majani kabla vikonyo havijarefuka. Kwa maneno mengine, mmea huu unahitaji mpangilio wa maji kuliko unavyohitaji wingi wake. Chini ya majani yake hujificha samaki wachanga, na juu yake hutembea ndege wenye vidole virefu wanaotafuta wadudu. Katika sehemu nyingi za Afrika viazi vyake vimeliwa nyakati za njaa, jambo linaloonyesha kwamba watu wa mabondeni walilijua ua hili kwa tumbo pia.

Kumbukumbu iliyoungua

Mtafiti anayetaka kujua mimea ya majini ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwaje kabla ya mifereji mikubwa hukutana na pengo lenye tarehe kamili. Mwaka 1899 mkusanyaji wa Kijerumani Walter Goetze alikuwa katika Uhehe, milima ya Wakinga na nchi ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika msafara uliogharimiwa na wakfu wa Heckmann-Wentzel wa Berlin. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Mkwawa ajiue, Julai 1898, na njia alizopita mkusanyaji huyo zilikuwa zimefunguliwa na vita. Goetze alifariki Desemba 1899 akiwa bado katika kazi hiyo. Mimea aliyoikausha ilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake waliieleza na kuipa majina. Miaka michache baadaye Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian aliyeishi Kyimbila, Rungwe, alikusanya mimea mingi zaidi ya upande wa Mbeya, nayo pia ikasafiri kwenda Ulaya.

Machi 1943 jengo la hebaria ya Berlin lilipigwa mabomu, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea. Nakala zilizokuwa zimegawiwa hebaria nyingine zilisalimika. Kwa hiyo ushahidi wa mimea ya bonde lililo kati ya Mbeya na Iringa uliungua katika vita ambavyo bonde hilo halikuvianzisha, baada ya kukusanywa wakati wa ukoloni ambao bonde hilo halikuuomba.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya Waingereza. Mradi wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, uitwao Flora of Tropical East Africa, ulianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza zaidi ya spishi 12,000. Vitabu hivyo viligawa Tanganyika katika kanda zenye namba, na Mbeya, Iringa, Rungwe, Njombe na Mufindi zikawekwa pamoja katika kanda ya T7. Mgawanyo huo ulifuata Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la wakati wa Waingereza. Baada ya uhuru jimbo lilivunjwa, mikoa ikaundwa na kugawanywa tena, hata Njombe ikawa mkoa mwaka 2012. T7 ilibaki vilevile vitabuni. Kwa mtafiti wa maji hilo ni bahati isiyokusudiwa, kwa kuwa Ndembera hautambui mpaka wa Mbeya na Iringa, na wala yungiyungi halitambui.

Hata hivyo vitabu vya aina hiyo hujibu swali la kama mmea upo katika kanda, si swali la wingi wake. Herufi na namba T7 haisemi kama ua lilifunika maji upeo wa macho au lilichumwa katika dimbwi moja kando ya barabara. Wingi lazima utafutwe kwa njia ya mzunguko, yaani kwa kuyafuata maji.

Mpunga na mabanio

Wasangu, chini ya watawala wa ukoo wa Merere, waliishi uwandani kwa kilimo na ufugaji muda mrefu kabla ya ukoloni, isipokuwa kipindi ambacho vita na Wahehe viliwasukuma kuelekea Usafwa. Kilimo cha mpunga kwa mifereji kilipanuka wakati wa utawala wa Waingereza, na katika upanuzi huo walowezi wa Kibaluchi walikuwa na nafasi kubwa. Mifereji ya awali ilichimbwa kwa mkono na mabanio yake yalikuwa ya miti, mawe na udongo. Banio la namna hiyo lilikuwa na kasoro iliyokuwa rehema: mafuriko ya masika yalilibomoa, na kiangazi lilivuja. Maji yaliyovuja ndiyo yaliyofika Ihefu.

Miaka ya 1970 shamba la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China, likawekwa chini ya Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO. Shamba la Kapunga lilifuata na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha skimu ya Madibira inayotumia maji ya Ndembera. Mabanio ya zege yalichukua nafasi ya mabanio ya miti, na mengine mengi madogo yakaboreshwa kwa fedha za wafadhili. Zege halivuji. Lengo lilikuwa kuongeza ufanisi, na kwa kipimo cha mpunga lilifanikiwa. Mchele wa Mbeya ulipata jina katika masoko ya Dar es Salaam ambalo haujalipoteza hadi leo. Familia nyingi za Mbarali zimesomesha watoto kwa majaruba hayo. Historia yoyote ya ua inayopuuza jambo hilo haiwatendei haki watu wa bonde.

Tatizo lilikuwa la msimu. Mpunga hunywa maji mengi masika, wakati maji ni mengi, na hapo Ihefu haikuathirika sana. Lakini bei ya mchele hupanda kabla ya mavuno makuu, na mkulima anayewahi kuandaa kitalu na kulowesha jaruba huuza kwa faida. Maji yakaanza kuchukuliwa mapema, mwishoni mwa kiangazi. Zaidi ya hapo mifereji iliendelea kujaa hata mashamba yalipokuwa matupu, kwa kuwa vijiji vilivyokua kandokando yake viliitegemea kwa kunywa, kufua na kufyatua matofali. Mfereji ukishakuwa kisima cha kijiji hakuna mwenyekiti anayeweza kuufunga.

Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walilipima jambo hilo kwa takwimu za mito na picha za anga. Matokeo yao yanaonyesha kwamba kati ya mwaka 1958 na 2004 maji yaliyoingia katika ardhioevu miezi ya kiangazi yalipungua kwa takribani asilimia 70, na eneo la kinamasi wakati wa kiangazi likasinyaa kutoka kilomita za mraba 160 hivi hadi 93. Hapa ndipo uadimu wa yungiyungi unapopata tarakimu. Kilomita za mraba zaidi ya 60 zilizokuwa na maji mwaka mzima zikawa ardhi ya msimu. Kiazi kilichokuwa topeni kikawa chini ya udongo mkavu, na mara nyingi chini ya jembe au kwato.

Nani aliyekausha Ihefu?

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi ya taifa wakati wa kiangazi, na kuanzia hapo ukaendelea kukauka kila mwaka kwa wiki kadhaa au miezi. Viboko walisongamana katika madimbwi machache. Kipindi hichohicho nchi ilikuwa ikiteswa na mgao wa umeme, kwani mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, na ya Mtera, iliyoanza mwaka 1988, hutegemea mto huu. Mambo mawili yaliyotokea pamoja yakafungwa kamba moja: iliaminika kwamba taa zilizimika Dar es Salaam kwa sababu Usangu ilikuwa imekauka.

Kamba hiyo haikuwa imara. Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi ni sehemu ndogo sana ya yale yanayoliingia kwa mwaka. Kukosekana kwake kunaua viboko na mayungiyungi kabla ya kuzima mtambo. Lakini umeme ulikuwa na wizara, shirika na magazeti, na ua halikuwa na lolote kati ya hayo. Ajabu ya historia hii ni kwamba Ihefu ilianza kuzungumzwa kitaifa kwa sababu ambayo haikuwa ya kweli kabisa, na ilhali sababu ya kweli, yaani uhai wa kinamasi chenyewe, ilibaki nyuma ya pazia.

Lawama zilihitaji mtu. Kuanzia miaka ya 1950, na kwa wingi zaidi miaka ya 1970 na 1980, wafugaji wa Kimasai, Kibarabaig na Kisukuma walikuwa wakiingia Usangu na mifugo yao, wakitafuta malisho ya kiangazi ambayo kinamasi huyatoa maji yanaporudi nyuma. Ng'ombe huonekana, maji yanayopita mferejini hayaonekani. Mradi wa utafiti wa ardhioevu ya Usangu, uliogharimiwa na Uingereza kati ya 1998 na 2002 na kujulikana kwa kifupi SMUWC, ulihitimisha kwamba chanzo kikuu cha mto kukauka ni uchukuaji wa maji ya kiangazi kwa ajili ya umwagiliaji, na kwamba mifugo haikuwa chanzo hicho. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyefanya kazi katika mradi huo, aliandika baadaye jinsi hitimisho hilo lilivyosukumwa kando na simulizi iliyokuwa rahisi zaidi kusimulika.

Hapana shaka kwamba ng'ombe wengi katika tope linalokauka huharibu viazi vya yungiyungi, na hoja ya makala haya haiondoi ukweli huo. Lakini kwato hufika pale maji yalipokwisha kuondoka. Kumlaumu mfugaji peke yake ni kumlaumu mtu aliyeingia katika nyumba ambayo mlango wake umeng'olewa na mwingine.

Mwaka 1998 sehemu ya ardhioevu ilitangazwa kuwa pori la akiba la Usangu. Mwaka 2001, katika maandalizi ya mkutano wa kimataifa wa Rio+10, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima kufikia 2010. Machi 2006, katikati ya mgao mwingine mkali wa umeme, serikali ilitoa mkakati wa haraka wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji, na kuanzia katikati ya mwaka huo wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu. Wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Wapo waliopoteza ng'ombe njiani, na malalamiko yalifika mbali kiasi kwamba mwaka 2007 Rais aliunda tume ya kuchunguza namna operesheni hiyo ilivyoendeshwa. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ikafikia ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mgogoro wa mipaka kati ya hifadhi na vijiji vya Mbarali ukaingia katika sura mpya ambayo haikufungwa kwa miaka kumi na mitano iliyofuata.

Mwaka 2010 ulifika na mto ukakauka kama kawaida yake. Wafugaji walikuwa wameondoka; mabanio yalikuwa yamebaki.

Vinyungu vya Iringa

Upande wa Iringa hadithi ni ya vipande vidogo. Katika nyanda za Mufindi na Iringa, Wahehe na Wabena wamelima mabonde yenye unyevu kwa vinyungu tangu zamani: matuta huinuliwa, mitaro hupitisha maji kati yake, na mahindi mabichi, maharage na mboga huvunwa kiangazi wakati mashamba ya vilimani yamekauka. Kinyungu hakikaushi bonde lote. Huacha mitaro na madimbwi ambamo mimea ya majini huendelea kuishi. Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mashamba ya chai, na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, pamoja na mikaratusi ya watu binafsi iliyoshuka hadi kwenye vilindi vya mabonde. Mkaratusi hunywa maji mwaka mzima na haujali kiangazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito. Ilipotumiwa Iringa, aliyeguswa kwanza alikuwa mwenye kinyungu. Ni mfano mwingine wa mwelekeo uleule wa Usangu, wa sheria kumfikia haraka mtu aliye karibu na maji machache na kumchelewa aliye mbali mwenye maji mengi.

Jambo lililotokea Mashyuza

Nchini Rwanda, katika bonde la Bugarama, mtaalamu wa mimea Eberhard Fischer aligundua mwaka 1987 yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Liliota pembezoni mwa chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, katika tope lililoloweshwa na maji yaliyokwisha kupoa kidogo, na likapewa jina la Nymphaea thermarum. Maji ya chemchemi hiyo yalipogeuziwa matumizi mengine, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 ua lilikuwa limetoweka hapo. Mbegu zilizookolewa zilioteshwa katika bustani ya Kew, London, mwaka 2009, baada ya Carlos Magdalena kugundua kwamba miche ilihitaji kuwa karibu na hewa. Januari 2014 mche mmoja uliibwa hapo Kew na habari ikazunguka dunia. Mwaka 2023 mmea huo ulipatikana tena Rwanda kwenyewe, mahali pengine katika eneo hilohilo la kusini-magharibi.

Kisa cha Mashyuza kinafanana na cha Usangu katika chanzo na kinatofautiana katika umaarufu. Vyote viwili ni matokeo ya maji kugeuziwa njia juu kidogo ya mahali ua linapoishi. Lakini la Rwanda lilikuwa la pekee duniani, kwa hiyo lilipata wasimulizi, wezi na waokoaji. La Usangu lina ndugu Misri na Afrika Kusini, na kwa sababu hiyo kutoweka kwake kutoka kilomita za mraba 60 hakuandikwi katika orodha yoyote ya spishi zilizo hatarini. Orodha hizo huhesabu spishi. Hazihesabu mabonde.

Maji kwa ajili ya mazingira

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 zilileta wazo ambalo halikuwa katika sheria za awali: baada ya mahitaji ya msingi ya binadamu, maji yatengwe kwa ajili ya mazingira kabla ya kugawiwa matumizi mengine. Mamlaka ya kutekeleza hilo katika Ruaha Mkuu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake mjini Iringa. Kwa maandishi, basi, kinamasi kilipata haki yake. Ugumu uko katika kipimo. Uchambuzi wa Kashaigili na wenzake ulikadiria kwamba ili mto usikauke kabisa hifadhini, kiasi cha wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde kingehitajika kuingia Ihefu wakati wa kiangazi, karibu maradufu ya kilichokuwa kikiingia. Kipimo hicho kinatazama Ng'iriama, yaani mahali maji yanapotoka. Hakuna kipimo kama hicho kilichopangwa kwa ajili ya kile kinachotokea ndani ya beseni: kina cha maji mwezi Septemba, kasi ya kupanda kwake Desemba, muda ambao tope hukaa bila kufunikwa.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Mto unaweza kufufuliwa kwa njia isiyofaa kwa kinamasi, kwa mfano kwa kuyapitisha maji katika mfereji ulionyooka hadi kwenye kizingiti ili yafike hifadhini haraka. Wazo la namna hiyo lina mvuto kwa sababu linaokoa maji yanayopotea kwa mvuke Ihefu. Lakini mvuke huo ndio gharama ya kuwa na kinamasi, na anayeuona kuwa upotevu ameshaamua, bila kusema, kwamba mayungiyungi, samaki na ndege wake hawamo katika hesabu.

Pendekezo ambalo limezungumzwa zaidi ni bwawa la Lugoda kwenye mto Ndembera, Mufindi, ambalo lingehifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi kuelekea Ihefu. Liliingizwa katika mradi wa REGROW, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola za Marekani milioni 150. Aprili 2024 benki hiyo ilisimamisha utoaji wa fedha kufuatia malalamiko ya wanavijiji kuhusu vitendo dhidi yao katika maeneo yanayopakana na hifadhi, na mwaka huohuo mradi ukafutwa. Bwawa lenyewe halijafutika katika mipango ya bonde, hasa sasa ambapo Ruaha Mkuu unachangia pia maji ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Likijengwa, kutakuwa na mtu atakayeshika ratiba ya kufungua milango yake. Akiyaachia maji kwa mkupuo mwezi Oktoba, yatapita Madibira, ambako mabanio yatakuwa wazi kwa vitalu vya mpunga, na kitakachobaki kitafika Ihefu kikiwa na kasi ya kufunika majani. Akiyaachia kidogo kidogo kuanzia Julai, kabla tope halijapasuka, viazi vilivyolala pembezoni vitakuwa bado na unyevu. Kiasi cha maji kwa mwaka ni kilekile katika njia zote mbili, na katika daftari la bwawa tofauti yake haitaonekana.